Hodi kwa Nyumba Isiyo na Mtu

Mmeniuliza mara nyingi, ninyi vijana mnaonibebea sanduku la vifaa nikija kuwaangalia kazini, kwa nini nabisha hodi kwenye nyumba ambayo hata rangi haijapakwa. Mnacheka. Binti wa Mama Wambui alinirekodi kwa simu akaituma video kwenye kundi la kanisa, na mchungaji mwenyewe akajibu kwa kicheko. Sawa, chekeni. Leo nitawaeleza, lakini msinikatize, maana mzee akikatizwa huanza upya.

Kabla ya hodi kuna mlango. Nimefundisha useremala katika chuo cha ufundi pale Erdington, hapa hapa Birmingham, mpaka magoti yakagoma, na ukinilaza kitandani nikiwa na homa bado nitakueleza jinsi ya kutundika mlango. Usianze na mlango, anza na fremu. Pima miimo yote miwili, yaani mbao za pembeni zinazosimama, juu, katikati na chini, kwa sababu nyumba za hapa zimezeeka na hakuna iliyosimama wima. Bawaba ya juu kwanza, skrubu moja moja, halafu ya chini. Patasi iwe na makali ya kunyoa ndevu. Ukimaliza, fungua mlango nusu, uondoe mkono, urudi nyuma. Mlango ukijifunga wenyewe, umekosea. Ukizidi kufunguka, umekosea upande wa pili. Mlango uliotundikwa sawasawa hukaa pale ulipouacha, hata ukienda kula ukarudi. Hilo mlishike, tutalihitaji mbele.

Mimi sikuyajua yote nilipokuja kutoka Voi. Mlango wangu wa kwanza katika mji huu ulikuwa kwenye ghala moja la Digbeth lililokuwa likigeuzwa studio za wasanii. Niliutundika vizuri sana, ila kwa upande usiofaa, ukawa ukifunguka unaziba swichi ya taa. Msanii alilazimika kuingia gizani, kujifungia, kisha kupapasa ukuta. Aliniuliza kwa adabu zote za Kiingereza kama hiyo ndiyo desturi ya kwetu.

Aliyeninyoosha ni Bwana Gurdial. Huyu alikuwa Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, fundi mtoto wa fundi, kilemba safi na penseli nyuma ya sikio. Alikuwa mwalimu mkuu wa karakana ya chuo nilipoajiriwa kama msaidizi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha karakana za Kisumu za zamani, na alikipenda, akikataa kabisa kusema nami Kiingereza tukiwa wawili. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mwisho wa karakana kunionyesha nyumba.

Nasema nyumba, na ilikuwa nyumba kweli. Ilijengwa ndani ya karakana, chini ya paa la mabati la chuo, ina ghorofa moja, ngazi, jiko, bafu na madirisha yanayotazama ukuta. Mafundi bomba walijifunzia mabomba humo, wa umeme wakavuta nyaya, sisi tukafunga milango na ngazi. Muhula ukiisha tulikuwa tunafungua vyote, ili wanaokuja wafunge tena. Bomba halikuwa na maji, soketi hazikuwa na umeme. Hakuna mtu aliyewahi kulala humo, wala kupika, wala kugombana na mkewe. Na bado kuna asubuhi nilizofika wa kwanza nikakuta sinki la jikoni lina majimaji, kama mtu ameosha kikombe akaenda.

Bwana Gurdial alisimama mlangoni, akabisha hodi, akangoja. Akabisha tena. Kisha akaingia.

"Na wewe hivyo hivyo," akaniambia. "Kila siku napiga hodi. Kama hapana jibu, ingia, fanya kazi. Kama iko jibu, wewe kwenda kunywa chai."

Nikacheka, kama ninyi. Nikamwambia kwetu ni kinyume, mtu akiitikiwa ndipo huingia.

"Kwa nyumba ya watu, ndiyo. Hii nyumba napigwa nyundo maisha yake yote na hapana pata mgeni hata mmoja. Nyinyi nasema nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa huyu mwenyeji hapa iko mgonjwa sana."

Halafu kulikuwa na chumba cha juu. Milango yote ya nyumba ile ilitundikwa na kuteremshwa na wanafunzi wasiohesabika, isipokuwa wa chumba kile. Fremu ilikuwepo, mlango haukuwepo. Nilidhani ni uvivu. Bwana Gurdial akasema, "Chumba hapana mlango, mgeni natoka. Chumba iko mlango, mwenyeji nafunga." Akashuka ngazi, na habari hiyo hakuirudia tena mpaka alipostaafu.

Mnataka kujua kama Waingereza waliona chochote. Hata! Walikuwa wakiingia kwa viatu vya matope, bila salamu, na hakuna aliyewagusa. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja mtu mzima, Dave, dereva wa basi wa zamani, aliyelala humo kila saa ya chakula, mdomo wazi. Nadhani ukosefu wa adabu ulikuwa kinga yao. Asiyebisha hodi hawezi kukaribishwa.

Mimi nilibisha miaka na miaka, kwanza kwa kumheshimu mzee, kisha kwa mazoea. Siku moja ya baridi, wakati Bwana Gurdial alikuwa ameshastaafu, nilibisha kama kawaida, na juu, katika chumba kisicho na mlango, mtu akasema, "Karibu." Alisema polepole, na alivuta neno kama marehemu nyanya yangu alivyolivuta akiwa jikoni na mikono imejaa unga. Mimi ni mzee wa kanisa, siamini mizimu. Lakini masikio yangu hayakubatizwa siku ile. Nilikwenda kunywa chai, nikaongeza kikombe cha pili, na wanafunzi wangu wakapewa somo la kunoa patasi mpaka jioni.

Sasa nije kwa Furaha.

Mnamjua wengi wenu, yule Mkongo mwenye gari jeupe la useremala. Alipokuja chuoni alikuwa binti mwembamba kutoka Bukavu, anaishi na shangazi yake Ladywood, anapanda mabasi mawili kuja Erdington na hakuchelewa hata siku moja. Mkono wake ulizaliwa kwa ajili ya patasi. Alikuwa na utani pia. Akitaka kunichokoza aliniita koko, ndivyo kwao wanavyowaita babu na bibi, na mimi nilikuwa bado napaka nywele rangi.

Wiki yake ya kwanza nilimsikia amesimama mbele ya ile nyumba akiita, "Hodi!" Hakuna aliyemwambia. Ni malezi tu. Nilifurahi, kisha nikakumbuka ile "Karibu" ya juu, nikamwita kando nikampa sheria ya Bwana Gurdial kama nilivyopewa. Akanitazama kwa mshangao.

"Mwalimu, mutu akikuambia karibu, utamukatalia? Kwetu ni aibu."

"Nyumba hii uikatalie."

"Bon," akasema, yaani sawa, lakini niliona hakukubali.

Haukupita muda nikaanza kuona mambo. Furaha aliacha kula na wenzake. Alikuwa akichukua chai kwenye mashine, vikombe viwili, anapanda navyo kwenye chumba cha juu. Dave akalalamika kwamba hapati usingizi, binti anaongea na simu huko juu kutwa. Nilijua simu yake ilikuwa kwenye kabati la wanafunzi, kwa sababu ndiyo sheria ya karakana. Nikapanda siku moja baada ya yeye kutoka. Kikombe kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilikuwa kimejaa, na juu ya chai pameganda ngozi, ila mkono wa kikombe ulikuwa umegeuzwa upande wa ukuta, kama unavyomgeuzia mgeni ili ashike kwa urahisi.

Nilimpigia simu shangazi yake. Nilidhani nitasikia habari za mchumba. Mama yule akaniambia kwamba walipokimbia kwao, mama yake Furaha aliachana nao njiani, kwenye msongamano wa watu. Alikuwa amewaambia watangulie, anakuja nyuma yao.

"Hatukumuzika, Mwalimu. Hatujui hata fasi alipoishia. Yule mutoto anamungojea mpaka leo."

Kesho yake nikamkalisha Furaha kwenye benchi la kazi, nikamuuliza waziwazi anaongea na nani.

"Ni mama," akasema, bila kulia, bila kutetemeka. "Iko mule mu chumba ya juu. Siku ya kwanza alisema karibu, nikajua. Sauti ya mama yangu siwezi kuisahau."

"Umemwona?"

"Hapana. Lakini anakunywa chai." Akafikiri. "Hanywi sana."

Nifanye nini? Ningemwambia ni uongo, na mimi mwenyewe nilimsikia nyanya yangu mle ndani? Nilimwambia awe mwangalifu, neno la kipumbavu kabisa, nikaondoka. Tangu hapo nikawa naogopa kwenda kazini. Nasema kweli, niliogopa.

Hapo ndipo wakubwa wa chuo wakatangaza kwamba nyumba itabomolewa likizo ikianza. Pale patajengwa chumba cha mashine za kisasa, ambamo mwanafunzi anavaa miwani mikubwa na kutundika mlango hewani, hapati kibanzi hata kimoja mkononi. Mkinikuta nimevaa hiyo miwani, mniombee. Nilipowatangazia wanafunzi, wote walishangilia isipokuwa mmoja. Furaha aliuliza swali moja tu, kama atapewa ruhusa ya kutengeneza mlango kwa mbao zilizobaki stoo. Nikasema ndiyo. Nilidhani amekubali yaishe, anataka kitu cha kumfariji.

Siku ya mwisho wabomoaji walifika asubuhi. Walianza chini, wakatoa ukuta wa jikoni na nguzo mbili zilizobeba sakafu ya juu, wakazungusha utepe wa hatari, kisha wakaenda kula. Karakana ilikuwa tupu. Nilikuwa nikifungasha randa zangu nikasikia bisibisi ya umeme inalia ndani ya nyumba, juu. Ikalia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Ni sauti ninayoijua, mtu anafunga bawaba, skrubu moja moja. Halafu nikasikia kitasa kinaingia mahali pake.

Nilikimbia mpaka mbele ya ile nyumba, na pale, Mungu wangu, miguu ikasimama kwa mazoea. Nikabisha hodi.

"Karibu," sauti ikasema. Haikuwa ya Furaha. Haikuwa ya nyanya yangu pia. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, mchovu, na ilitoka kama ya mtu aliyeegemea mlango.

Sheria ilisema niende kunywa chai. Juu kulikuwa na mtoto wa watu, na sakafu aliyokalia ilikuwa imeshikiliwa na misumari na huruma ya Mungu. Nikavuka utepe nikaingia. Nilipanda ngazi kwa kuambaa ukutani, na mbao zilikuwa zinayumba.

Mlango wa chumba cha juu ulikuwa umefungwa. Hata katika hofu ile niliuona uzuri wake. Nafasi pande zote ilikuwa sawa, bawaba zimelala ndani ya mbao kana kwamba zimeota humo. Nikausukuma, ukafunguka. Furaha alikuwa amekaa sakafuni, vikombe viwili mbele yake, uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Toka, sakafu inaanguka," nikamwambia.

"Mwalimu, wewe enda. Mimi nimefika."

Nilimshika mkono. Nyuma yangu mlango ukajifunga. Niliugeukia, nikazungusha kitasa, nikavuta. Haukufunguka. Nikavuta kwa mikono yote miwili, mguu ukutani, na sakafu ikalia chini yetu. Ndipo nikaona kosa langu, nalo lilikuwa kosa la adabu. Nimeingia nyumba ya mtu, nimekaribishwa, sijasalimu, sijakaa, na sasa namvuta mgeni wake kwa nguvu. Kwetu hata mlevi hafanyi hivyo. Mgeni haondoki mpaka aombe ruhusa.

Nikakaa chini, magoti haya haya. Nikachukua kile kikombe kilichojaa, nikanywa chai iliyopoa mpaka nusu. Nikasema, "Mama Furaha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wake. Amesoma vizuri, mlango huu ni ushahidi. Asante kwa chai. Sasa tunaomba ruhusa, twende."

Furaha alikuwa ananitazama kwa chuki, na simlaumu. Vumbi lilikuwa linadondoka chini yetu, tunalisikia. Nikarudia, "Tunaomba ruhusa, mama."

Mlango ukafunguka. Ulifunguka polepole mpaka ukutani, nami nimewaambia mlango uliotundikwa sawasawa hufanya nini ukiachwa peke yake.

Tulishuka, Furaha mbele, mimi nyuma. Ngazi ile niliijenga mwenyewe, na ya pili kutoka chini ilikuwa inalia ikikanyagwa, sikuwahi kuirekebisha. Ililia chini ya Furaha. Ikalia chini yangu. Tulikuwa tumeshafika sakafuni ilipolia tena.

Ninyi mliozaliwa hapa hamjui kusindikiza. Hapa mtu anakuaga kizingitini, na kabla hujafika getini ameshapiga komeo. Kwetu mwenyeji hutoka na mgeni, wanatembea wanaongea, na ni mgeni anayesema, "Inatosha, rudi sasa." Asiposema, mwenyeji anaendelea, maana kugeuka bila kuambiwa ni kumfukuza mgeni. Nilisikia nyayo nyuma yetu kwenye saruji ya karakana, kandambili, zinaburuta kidogo kama za mtu aliyetembea mbali. Sikugeuka. Mbele yetu palikuwa na mlango mkubwa, na nje mvua, na kituo cha basi.

"Furaha," nikamnong'oneza, "mwambie inatosha."

"Acha akuye na sisi. Acha akuye kwetu."

"Si wangu, siwezi kumwambia mimi. Mwambie."

Alisimama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nyayo nazo zikasimama. Nilitamani kumkumbatia na nikaogopa kusogea. Mwisho akasema, akitazama mvua, kwa sauti ya mtoto mdogo:

"Mama, inatosha. Umetusindikiza mbali. Rudia sasa. Sisi tutatangulia."

Nyayo zikageuka, kandambili zikaburuta kurudi. Ngazi ikalia mara moja. Tulikuwa tumeshafika uani, mvua inatupiga, tuliposikia ghorofa imeanguka. Msimamizi wa wabomoaji alikuja mbio na mkate mkononi, akihesabu watu wake, akisema nguzo zile zilipotolewa sakafu ilipaswa kwenda nazo palepale asubuhi, hajui ni nini kilichoishikilia.

Chini ya vifusi vilipatikana vitu vingi vilivyovunjika na kitu kimoja kizima. Furaha aliuomba ule mlango. Nani angemnyima? Tuliufunga juu ya gari la Dave, nikakaa nyuma nikiushika kwa mkono dirishani mpaka Ladywood.

Basi hiyo ndiyo sababu nabisha. Furaha naye anabisha, muulizeni. Akimaliza nyumba, kabla ya kukabidhi funguo, hutoka nje, akaita hodi. Nimewahi kumwona. Anangoja kuliko inavyohitajika, halafu anapangusa uso na kuwaambia vijana wake wapakie vifaa.

Mwezi uliopita alinialika chakula. Ameolewa, ana binti, Zawadi, mtoto mwenye maneno mengi na yote ya Kiingereza cha Birmingham. Kiswahili anakisikia, kukitoa hataki. Furaha alinifungulia, akarudi jikoni kuangalia sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, isiungue, akaniambia niende sebuleni, mtoto anacheza huko. Mlango wa sebule ulikuwa ule. Ameupaka rangi ya buluu, lakini ningeutambua hata usiku. Ulikuwa wazi nusu, umetulia pale ulipoachwa.

Nikabisha hodi. Ndani, mtoto aliyekuwa akiimba akanyamaza. Nikamsikia anauliza kitu kwa sauti ndogo, anangoja, kisha akaniita:

"Koko says karibu!"

Jikoni mwiko ukaacha kugonga sufuria. Mlango ukasogea, polepole, mpaka ukutani. Najua Bwana Gurdial angeniambia niende kunywa chai. Lakini chai ilikuwa mle ndani, nimeshaona kikombe mezani, mkono wake umegeuzwa upande wangu.

Nikavua viatu, nikasema shikamoo, nikaingia.